Kumfuata Yusufu Buffalo

Tangu turudi, benchi la mbele ya cherehani yangu halijakauka watu. Kila anayeleta kitambaa anakaa, anamtazama mtoto, anacheka naye kidogo, halafu anasema, "Zainabu, hebu nieleze, ilikuwaje?" Namweleza. Nikifika Columbus anaingia mwingine, na yule wa kwanza ananiambia nirudie toka mwanzo ili mwenzake naye asikie. Kwa mtindo huo sare za shule zitachelewa na wazazi watanitoa roho. Basi nimeandika. Anayetaka kujua asome, aniache nikate kola.

Kwa wasiotujua vizuri, Salma alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Aliondoka hapa Ujiji kwenda Marekani kusoma, akaolewa huko, akaachika, akabaki mji wa Buffalo akifanya kazi ya kutunza wazee. Alijifungua mtoto wa kiume, akamwita Yusufu, na hakuimaliza arobaini. Baba wa mtoto alisema waziwazi kwamba kulea hawezi. Mimi na mume wangu Ramadhani tumekaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto, na wengine wenu mnajua maneno tuliyolishwa, kwa sababu ni ninyi mliotulisha. Tukasema tutamlea sisi.

Habari za viza, mwanasheria na makaratasi sitazigusa, zilinichosha mara moja na zinatosha. Jueni jambo moja tu. Hakimu wa huko alikuwa tayari kutukabidhi mtoto, ila kwanza mwanamke aliyekuwa akimlea tangu msiba afike mbele yake, aseme kwa kinywa chake kwamba ameridhia. Mwanamke huyo hatukuwa tunamjua. Tuliambiwa anaitwa Mama Furaha, Mkongomani, jirani yake Salma. Akikataa, tungerudi mikono mitupu.

Tuliosafiri ni watatu: mimi, Ramadhani, na mama yake, Bi Tatu. Bi Tatu hakualikwa. Alisema mtoto halewi kwa kuletewa kama kifurushi, huendewa na watu wazima. Hapo alikuwa ameshafunga begi.

Louisville, kwa shemeji

Ingekuwa rahisi kutua Buffalo penyewe. Lakini mdogo wake Ramadhani, Idrisa, anaishi Louisville, na Idrisa alikataa katakata. Mama yake hawezi kukanyaga Marekani akafikia kwa watu baki na yeye mwanawe yupo. Sote tufikie kwake, halafu yeye atatupeleka kwa gari. Tulipouliza ni mbali kiasi gani, alisema si mbali. Ni mwendo wa kutwa nzima. Wamarekani wamemharibu, naye anaona kutwa nzima garini ni sawa na kwenda sokoni.

Pale uwanja wa ndege afisa alifungua begi la Bi Tatu, akakutana na dagaa. Dagaa wetu wa Kigoma, wakavu, wamefungwa kwa nailoni tabaka kwa tabaka na bado walikuwa wanajitangaza. Afisa alirudi nyuma kidogo, akauliza hii ni nini. Ramadhani akakusanya Kiingereza chake chote, akamjibu kwamba ni samaki wadogo wa familia kubwa. Yule bwana alitazama begi, akamtazama Bi Tatu aliyekuwa amesimama na tasbihi mkononi, akafunga zipu mwenyewe.

Nyumba ya Idrisa ni safi kwa sababu haina kitu. Bi Tatu alifungua friji, akakuta mayai na soda. Alivua viatu, akafunga kanga kiunoni, akaanza kukaanga dagaa, na hazikupita dakika nyingi darini pakaanza kulia kidude kwa sauti ya kutoboa masikio. Kumbe ni kidude cha kunusa moshi. Idrisa akarukaruka na taulo, Ramadhani akafungua madirisha, Bi Tatu akaendelea kugeuza dagaa wake maana mafuta hayasubiri.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mzee wa jirani, Mzungu, ameshika ufagio. Aliingia bila maneno mengi, akabonyeza kile kidude kwa mpini, kikanyamaza. Kisha akasimama pale pale ananusa. Bi Tatu alimtilia sahani, dagaa, nyanya na ugali kidogo, akampa aende nayo. Mimi niliona haya. Nikasema moyoni, huyu ataimwagia paka. Jioni alirudisha sahani imeoshwa, na juu yake mkate wa mahindi wa moto ameupaka siagi. Bi Tatu aliumega, akatafuna polepole.

"Kumbe nao wanakula mahindi," alisema. "Sasa mbona walituambia huku kila kitu ni kigeni?"

Tulikwama Louisville zaidi kuliko tulivyopanga. Idrisa anafanya kazi kwenye ghala la vifurushi, na hali ya hewa ilikuwa imechafuka, mizigo imerundikana, bosi hatoi ruhusa. Nikawa nazunguka mle ndani nagusa kuta. Mwisho Idrisa akanihurumia, akampigia simu Mama Furaha.

"Mumefika?" sauti ilisema. "Bon. Mutoto iko muzuri. Anakula, analala. Ngoja."

Nikasikia kitambaa kikikwaruza simu, halafu pumzi. Pumzi fupifupi, za haraka, na katikati yake kijisauti cha kumeza. Salma wangu alikuwa ameniachia kitu kinachopumua. Nilikaa chini sakafuni na simu sikioni, na Ramadhani alipokuja kuniuliza kuna nini nilimpa simu, naye akakaa.

Kutoka Louisville hadi Columbus

Ruhusa ilipopatikana tuliondoka asubuhi. Barabara za kule nisizisifie sana, mtasema nimelogwa, lakini ni kweli: unakwenda mpaka unasahau kwamba unakwenda. Tulivuka mto mpana wa Ohio tukaingia Cincinnati, tukatoka, mashamba yakaanza, makavu ya baridi. Bi Tatu alikuwa akitazama nje muda wote.

"Idrisa, watu wako wapi?"

"Wamo ndani ya magari, mama."

"Wote?"

"Wote."

"Hakuna hata mmoja anayekwenda tu kwa mwenzake kwa miguu?"

Idrisa alifikiri, akasema kwa ukweli kabisa kwamba hajawahi kumwona.

Columbus tulikusudia kula tu na kuswali. Mji ule una Wasomali wengi, na Idrisa anajua mgahawa mmoja wanapopika wali wenye viungo na nyama ya mbuzi inayoachia mfupa. Kila sahani ililetwa na ndizi mbivu pembeni. Ramadhani aliisogeza ndizi yake, akala wali wote, akawa anajifuta mkono. Mama mwenye mgahawa akaja akasimama juu yake. Alijitaja jina lake, Halima, na Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi, alikokulia.

"Kwani ndizi imekukosea nini?"

"Hapana, nitaila baadaye," alisema Ramadhani.

"Baadaye aje? Wali imeisha."

Kwao ndizi huliwa pamoja na wali, tonge kwa tonge. Yeye akadhani ile ndizi ni mbaya, akaiondoa, akaleta nyingine iliyoiva zaidi, na wali mwingine wa kuisindikiza. Ramadhani kwa adabu akala wali, akaiweka ndizi kando kwa ajili ya baadaye. Ikaletwa ya tatu. Mimi na Idrisa tulikuwa tumeinamia meza tunacheka mpaka machozi, na hakuna aliyemwokoa.

Halima alipokaa nasi akauliza tunakwenda wapi. Bi Tatu akamweleza yote, tangu msiba, kwa utaratibu wake. Halima alisikiliza kichwa kimeinama. Alipomaliza aliuliza jambo moja.

"Mko na kiti ya mtoto ya gari?"

Tukatazamana. Tulikuwa na kanga za kumbebea, mafuta ya nazi, na kofia tatu nilizofuma mwenyewe.

"Huku huwezi beba mtoto kwa mapaja, mama. Polisi watakusimamisha. Na pia si salama."

Aliinuka akaenda kupiga simu. Tulidhani anatuelekeza duka. Kumbe anawapigia wanawake wenziwe. Kabla chai haijapoa walianza kuingia, mmoja mmoja, na mabuibui yao na makoti mazito juu yake: mmoja na kiti cha mtoto, mmoja na koti dogo lenye masikio ya sungura, mmoja na furushi la nepi, mmoja na chupa za maziwa ambazo hazijafunguliwa. Walituamkia, wakaweka, wakaondoka. Wengine hata majina sikuyapata. Nilijaribu kumshukuru Halima nikashindwa, nikabaki namshika mkono tu.

Akatuambia pia tusiondoke siku ile. Redio ilikuwa ikionya kwamba huko mbele, kando ya ziwa, theluji inamwagika. Tulilala kwake. Bi Tatu alimwachia dagaa.

Ziwa lenye theluji

Siku ya pili mbingu ya Columbus ilikuwa safi, nikasema hawa watu wanaogopa bure. Tulipita Cleveland, barabara ikaanza kufuata ziwa linaloitwa Erie, na hapo nikanyamaza mwenyewe.

Sisi watu wa ziwani tunadhani maji tunayajua. Lile ziwa lilikuwa limeganda, jeupe mpaka mwisho wa macho, halina wimbi, halina mtumbwi. Juu yake kulikuwa na wingu jeusi limeinama, na tulipoingia chini ya wingu lile theluji ikaanza. Nilikuwa nimeiona kwenye picha, nikadhani ni kama mvua yenye rangi. Wapi. Sijawahi kuona kitu kingi namna ile kikianguka bila sauti. Miti ilipotea, barabara ikapotea, gari la mbele likabaki taa mbili nyekundu, kisha nazo zikasimama. Tukasimama sote.

Tulikaa pale sana. Idrisa alikuwa ameacha injini ikiunguruma ili tupate joto. Mara kioo kikagongwa. Alikuwa dereva wa lori la nyuma yetu, mtu mnene, ndevu zimeganda barafu, ameshika sepetu. Alimwambia Idrisa kwamba theluji imefunika bomba la moshi, na moshi ukirudi ndani utatuua tukiwa tunasinzia. Akazunguka nyuma, akachimba, akalizibua, akaelekea gari linalofuata kabla hatujaitikia. Nilimwona akiinama kwenye kila gari mpaka theluji ikammeza.

Aliporudi yule dereva, Bi Tatu alikuwa ameshusha kioo anamsubiri na chapati imeviringwa dagaa. Aliipokea akaila amesimama pale pale barabarani. Bi Tatu akamwombea dua. Si fupi, mnamjua. Yule bwana hakuelewa hata neno, lakini alivua kofia, akabaki kichwa wazi theluji ikimwangukia mpaka mama akasema amina, na yeye akasema amina.

Niseme ukweli, wakati ule niliacha kuogopa theluji. Nilichokuwa nakiogopa ni kule mbele. Mbona watu tusiowajua wanatupa kila kitu? Nilijiambia, lazima kuna mmoja atakayetunyima, na ndiye tunayemwendea.

Buffalo, ngazi za Mama Furaha

Barabara ilipozibuliwa tulifika. Nyumba iko mtaa wa Black Rock, karibu na mto, mtaa wa viwanda vya zamani na nyumba za mbao zilizobanana. Nyumba nyingi pale ni za makao mawili, moja chini, moja juu. Salma alikaa chini. Mama Furaha na familia yake wanakaa juu.

Alitufungulia mwanamke mrefu, kitenge kifuani, koti la kazini halijavuliwa. Alikuwa na watoto wachanga wawili, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Nilisimama mlangoni nimeganda. Nimesafiri nusu ya dunia kumfuata mtoto, na mbele yangu wako wawili wa umri mmoja, sijui wangu ni yupi.

"Njo huyu," alisema, yaani ndiye huyu, akashusha kitenge kidogo.

Aliyekuwa kifuani alikuwa ananyonya. Aliachia, akanigeukia, na nikaona paji la uso la Salma, lile pana tulilokuwa tukimtania. Ramadhani alisema "Mashaallah" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nilinyoosha mikono, mtoto akanitazama, akarudi kunyonya.

"Muingie, muingie. Baridi ni mingi."

Tukaketi. Mtoto wa mgongoni aliitwa Neema, binti yake. Bi Tatu hata maji hajapewa, akaanza.

"Huyu Yusufu umemnyonyesha wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Tangu lini? Mara ngapi?"

"Mara ngapi, namna gani?"

"Alikuwa anashiba? Zimefika tano za kushiba? Na huyu mwenzake wamenyonya pamoja?"

Kwetu sisi haya ni maswali ya heshima. Ninyi mnajua: mtoto akinyonya kwa mwanamke akashiba mara tano, amekuwa mwanawe, na watoto wa mwanamke yule ni ndugu zake wa kutooana milele. Bi Tatu alikuwa anauliza ukoo. Lakini nilimwona Mama Furaha akivuta kitenge taratibu, akamfunika mtoto mpaka kichwani.

"Bon," alisema. "Mumechoka na safari. Mulango ya chini iko wazi."

Tukashuka. Tulidhani kachoka na kazi, maana anafanya kazi kiwandani. Nilitandika kitanda cha mdogo wangu nikajilaza. Kanzu yake ya kuswalia ilikuwa bado imetundikwa nyuma ya mlango. Juu yetu mtoto alianza kulia, nikasikia hatua za Mama Furaha, toka dirishani hadi mlangoni, toka mlangoni hadi dirishani, akimbembeleza. Sikujua kama ni Yusufu au Neema. Nilizifuata zile hatua kwa macho, darini, mpaka zikatulia.

Asubuhi binti yake mkubwa, Furaha, alituletea sufuria la sombe, yaani kisamvu, na ugali. Ni msichana wa kama miaka kumi, anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza, kama watoto wa huko. Nilimuuliza mama ataondoka nasi saa ngapi kwenda kwa hakimu. Akajibu huku anatazama viatu vyake. Idrisa hakutafsiri mara moja.

"Anasema nini, shemeji?"

"Anasema mama yake haendi. Anasema hawezi kuwapa mtoto watu wanaosema maziwa yake ni machafu."

Sijui niwaelezeje. Ramadhani alipandwa na hasira, akasema sisi ni ndugu wa damu, tumpigie mwanasheria sasa hivi. Mimi nilitazama lile sufuria. Mtu ametukasirikia kiasi cha kutunyima mtoto, na bado amekumbuka kwamba tuko chini kwake na hatujala.

Bi Tatu akainuka, akachukua kifurushi cha dagaa kilichobaki, akashika ukuta akaanza kupanda ngazi. Magoti yake mnayajua. Nilimfuata nyuma nikiwa nimenyoosha mikono asije akaanguka.

Mama Furaha alifungua, hakutukaribisha, hakufunga. Bi Tatu alikaa pale pale, kwenye ngazi ya juu.

"Mwanangu, nimekuja kuomba radhi kwa ulimi wangu. Nimekuuliza kama askari, na mimi nilikuwa nahesabu ndugu."

"Ndugu gani, mama?"

"Wa huyu mtoto. Kwetu aliyenyonyesha ni mama. Nilitaka kujua huyu Zainabu akimchukua Yusufu, Yusufu ana mama mwingine wapi, ana dada wangapi. Kama zimefika tano, huyu Neema ni dada yake, na Furaha ni dada yake, na mumeo ni baba yake. Hawezi kuoa kwako mpaka kiama."

Mama Furaha aliegemea mlango.

"Siku baliniletea ye," alisema, "Neema alikuwa mudogo bado. Analia, analia. Banamupatia chupa, anakataa. Bon, nikasema, maziwa iko mbili, batoto ni babili. Shida iko wapi?" Akajifuta uso kwa kitenge. "Lakini mimi naombaka kwa Yesu, na maman yake alikuwa wa kwenu. Nikajua siku moja batakuja baseme niliharibu mutoto wabo. Na jana, donc, munaingia, munauliza maziwa."

"Umemharibu nani? Bila wewe tungekuja kwenye makaburi mawili."

Hapo Mama Furaha alilia, nami nikalia, na Bi Tatu akatungoja tumalize, maana alikuwa hajajibiwa.

"Kwa hiyo zimefika tano?"

Mama Furaha alianza kucheka machozi yakiwa bado usoni.

"Tano? Ule mutoto anamalizaka tano mbele ya midi." Yaani kabla adhuhuri haijafika.

Bi Tatu akampa dagaa. Mama Furaha alikifungua kifurushi, akaingiza pua, akavuta harufu. Yeye ni mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa letu. Alisema ndagala za huko madukani hazina harufu ya nyumbani, na kwamba hizi za kwetu ndizo alizokula kwa mama yake. Akatuingiza ndani. Mchana ule ule alikwenda kwa hakimu, na swali la kama ameridhia alilijibu kabla mkalimani hajamaliza.

Siku za mwisho

Lakini hakimu ni mmoja, na Yusufu ni mwingine. Yusufu hakuridhia. Kila nilipomshika na chupa alijipinda, akafunga mdomo, akamtafuta Mama Furaha kwa macho. Ninyi mliowahi kukataliwa na mtu mzima hamjui kitu. Nilijiuliza kama Mungu aliponinyima alikuwa ananiambia jambo, na mimi nimekuja kubishana.

Mama Furaha ndiye aliyenifundisha. Alivua kitenge chake, kile alichokuwa akinyonyeshea, hakijafuliwa, akanifunga nacho kifuani. Akazima taa kubwa, akaniambia nitembee, toka dirishani hadi mlangoni, na nisimtazame mtoto machoni. Yeye mwenyewe akatoka kabisa, akaenda kusimama barazani kwenye baridi ili asisikike. Nilitembea. Yusufu alinusa, akalia kidogo, akanusa tena, akashika chupa. Alivyokuwa akimeza nilikuwa naogopa hata kupumua.

Siku nyingine alitupeleka kwa Salma. Makaburini tuliona uwanja mweupe tu. Mimi nisingejua hata pa kuanzia. Mama Furaha alitembea moja kwa moja, akahesabu kutoka kwenye mti, akaanza kuondoa theluji kwa sepetu aliyokuja nayo, na kibao kikatokea. Alikuwa akija. Katika kazi ya kiwanda na watoto wachanga wawili alikuwa akipanda basi kuja kumfagilia mtu ambaye si wa dini yake wala wa nchi yake. Tulisoma Fatiha. Yeye alisimama kando na Neema, na tulipomaliza aliimba kidogo kwa sauti ya chini, za kwao. Bi Tatu alikunjua viganja vyake upya, akamsubiri amalize.

Asubuhi ya kuondoka Idrisa alishafunga kile kiti garini. Mama Furaha alimnyonyesha Yusufu mara ya mwisho, bila haraka, upande mmoja kisha upande mwingine. Nilidhani atanipa. Badala yake alimtoa Neema mgongoni akanikabidhi yeye kwanza.

"Mushike."

Nikamshika Neema. Alikuwa na uzito uleule, na maziwa yaleyale yalinukia shingoni mwake. Tulisimama hivyo pale mlangoni, kila mtu na mtoto wa mwenzake, mpaka alipojiona yuko tayari. Ndipo tukabadilishana.

Hakushuka ngazi. Nilikuwa nimefika chini, nimeshika mlango wa nje, akaniita.

"Mama Yusufu."

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nilichelewa kugeuka, sikujua kwamba ni mimi.

"Akikomaa, usisahau kumuambia. Neema ni dada yake. Hatamuoa."

Nilimwahidi nitamwambia. Yusufu sasa ana miezi minane, ameota meno mawili, na nimeshaanza kumwambia.